Mitungi ya Sauti Moja

Apajok alikuwa ndani ya maji hadi mabegani, aking'oa magugu yaliyoziba mdomo wa bomba la hoteli, aliposikia jina lake likiitwa kutoka ukingoni. Alikuwa Alfayo, fundi wa jenereta, anakuja mbio huku ameishika kofia yake isipeperuke. Alfayo hakuwa mtu wa mbio. Mwendo wake wa kila siku ulikuwa wa mtu aliyebeba dizeli asiyetaka hata tone limwagike.

"Dada, toka majini! Wanauza!"

"Nani? Wanauza nini?"

"Wale wageni wa daraja. Wanafunga virago, wanauza kila kitu. Job wa stoo amenipigia simu sasa hivi. Kuna mahema, kuna vitanda, kuna jenereta mbovu mbili." Alfayo alikohoa, akavuta pumzi. "Na mitungi. Mitungi ya hewa. Ya chuma, dada! Imelala kwenye kontena kama kambare sokoni."

Magugu aliyoyashika aliyaachia yaende na mto, akapanda ukingo kwa mikono na magoti, akavaa suruali juu ya nguo iliyolowa. Kabla Alfayo hajamaliza kueleza, boda boda ilikuwa imeshaitwa na yeye ameshakaa katikati, kati ya dereva na Alfayo, maji yakimchuruzika kwenye kiti.

Mwaka ule mkataba wa amani ulikuwa umetimiza miaka mitano, na Juba ilikuwa imejaa watu wenye ujuzi walioutoa kwingine. Ujuzi wa Apajok ulikuwa wa kuzamia. Mama yake alimbeba mgongoni kutoka Bor hadi Kakuma, na kutoka Kakuma wakateremka hadi Likoni, ambako mama alipata kazi ya kupika. Huko pwani binti alianza kwa kuosha vifaa vya watalii katika chuo kimoja cha kuzamia. Akawa anapanga mitungi, kisha anaijaza, mpaka siku moja mwalimu mmoja akamwambia avae aone kuna nini kule chini. Tangu siku hiyo nchi kavu ilikuwa kwake mahali pa kukaushia nguo tu. Aliporudi nyumbani Juba alikuja na kompresa kuukuu ya kujazia hewa, iliyotupwa na chuo, ambayo Alfayo aliifufua kipande kwa kipande. Lakini mtungi alikuwa na mmoja tu, tena wa alumini.

Mtungi mmoja ulitosha kusafishia bomba la hoteli. Haukutosha kwa mashua ya Biar.

Mashua hiyo ilizama mvua zilipoanza, ikalala kwa ubavu si mbali na ukingo, injini yake mpya ikiwa imebanwa upande wa chini. Biar alimwomba Apajok aifuate. Apajok akaingia mara moja, na chini ya ubavu wa mashua, pale pasipo na mwanga wala nafasi ya kuinua kichwa, mpira wake wa hewa ulinasa kwenye chuma fulani. Hewa ikaja kidogo, kisha kwa shida, kisha ikagoma. Aliunasua mpira kwa kupapasa, akarudi kinyumenyume hadi akauona mwanga. Alipotoka alimwambia Biar maneno machache: hataingia tena pale mpaka awe na mitungi miwili mgongoni, iliyounganishwa juu kwa bomba lenye koki katikati, kila mmoja na mpira wake wa hewa, ili upande mmoja ukiharibika aufunge na kupumua kwa ule mwingine. Na iwe ya chuma. Mtungi wa alumini hewa ikipungua huwa mwepesi, unamvuta mtu juu kama kibuyu, na mto ule una nguvu. Chuma hukaa chini na mwenyewe.

Biar akamuuliza mitungi kama hiyo inapatikana wapi Juba. Na leo jibu limekuja lenyewe kwa simu ya Job.

Ua wa wageni ulikuwa mtaa wa Juba Na Bari, nyuma ya nyumba za zamani, karibu kabisa na mto. Kampuni ile ilikuja kuchunguza nguzo za daraja, ikamaliza, na sasa vitu vyake vilikuwa vimemwagwa juani kama nyumba iliyogeuzwa ndani nje. Job, Mkenya wa Kitale aliyekuwa mtunza stoo, aliwapokea getini akiwa na kalamu sikioni.

"Madam, karibu. Mimi kuhusu hizi vitu sijui chochote. Nimeambiwa tu Ijumaa hapa pawe peupe. Chagueni mnachotaka, tutaelewana."

Apajok alimpita kabla hajamaliza. Ile mitungi ilikuwa pale, chini ya kivuli cha kontena, imelazwa safu kwa safu. Alisimama mbele yake. Alitaka kucheka, alitaka kupiga kelele. Aliishia kupiga magoti tu na kuuwekea ule wa kwanza kiganja. Chuma kilikuwa baridi, hata katika joto lile.

"Dada, usiikumbatie yote," Alfayo akasema. "Tunataka miwili."

"Tunataka miwili inayofanana, kaka. Hapo ndipo penye kazi."

Wakaanza. Aliisimamisha yote wima, mmoja mmoja, mgongo ukiuma na meno yote nje. Mingi ilikuwa ya lita kumi na mbili, lakini alijua kwamba lita si kitu peke yake: kuna mtungi mrefu mwembamba na kuna mfupi mnene, na yote miwili hubeba hewa ileile. Ukiiweka pamoja mgongoni, bomba la kuunganisha halitakaa, na wewe mwenyewe utaogelea kama mtu mwenye bega moja. Akaipanga mifupi huku na mirefu kule. Akavua buti za mpira zilizovalishwa makalioni, kwa sababu huko ndiko maji hukaa na kutu hujificha. Mitatu aliitenga palepale: chini ya buti rangi ilikuwa imevimba kama mkate, na ukucha wake ulipogusa, kipande cha chuma kikabanduka.

"Huu nao?" Alfayo akauliza.

"Tazama shingo. Nyuzi zake za kukazia koki si za mitungi hii mingine. Koki ya hiyo mingine ukiilazimisha hapa itashika, utadhani imekaa vizuri, kisha siku ukijaza hewa itaruka kama risasi."

Alfayo akaurudisha chini taratibu sana, kama mtu anayemlaza mtoto.

Kisha akaja kwenye mabega ya mitungi, mahali kiwanda kinapogonga maandishi. Alifuta vumbi kwa dole gumba na mate, akasoma: shinikizo, uzito, tarehe ya mwisho kupimwa. Mtungi mmoja mrefu, mweusi, ulikuwa na tarehe ya karibuni, haujafika hata nusu ya muda wake. Juba hapakuwa na mahali pa kupimia. Mtungi ulioisha muda ungelazimika kusafiri hadi Kenya na kurudi. Apajok alisoma namba yake kwa sauti. Akaifungua koki kidogo. Hewa ikatoka kwa mluzi mwembamba, na alipoweka pua hapo hakusikia harufu yoyote, si ya mafuta wala ya kutu.

"Huu hapa!" akasema. "Kaka Alfayo, huu ni mzima. Sasa nitafutie ndugu yake."

Wakati huohuo, upande wa pili wa kontena, kitu kikalia.

Ulikuwa mlio mrefu, mzito, mtamu, uliopita juu ya ua mzima na kuchukua muda kufa. Kisha ukarudiwa. Apajok na Alfayo wakatazamana, wakazunguka kontena.

Mwanamume mkubwa, mwenye shati jeupe lililofungwa hadi kifungo cha juu, alikuwa ameinua mtungi mrefu mweusi kwa mkono mmoja, ameushika shingoni, na kwa mkono mwingine alikuwa akiugonga kwa bolti. Macho ameyafumba. Alipowasikia aliyafungua akatabasamu.

"Salaam. Mimi ni Fulgensio, katekista ya Mangateen," akasema. "Mnasikia hii? Hii ndiyo kengele yangu. Sisi kule kanisa tunagonga rimu ya lori. Watu wanafikiri ni fundi wa gari, hawaji. Sasa mimi nitakata hii chini, nitafunga juu ya mti, wataskia mpaka Munuki."

Apajok hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akisoma bega la mtungi ule. Namba yake ilifuata namba ya ule mtungi wake bila kuruka hata moja. Miwili hii iliteremka katika mashine ileile siku ileile, mmoja nyuma ya mwingine, ikavuka bahari pamoja, na sasa mmoja ulikuwa mkononi mwa mtu anayetaka kuukata makalio.

"Baba," akasema, akijaribu kutuliza sauti, "samahani sana. Mtungi huo nauhitaji mimi."

"Mafi, hapana, binti yangu. Mimi nimekuja asubuhi, wewe umekuja sasa."

"Nitakuchagulia mwingine. Ipo mingi. Kuna mizuri zaidi."

"Leta, mimi nasikia."

Akaleta. Yeye na Alfayo wakabeba mtungi mmoja baada ya mwingine, na katekista akaipokea yote kwa adabu, akainua, akagonga, akainamisha sikio. Wa kwanza akautikisia kichwa. "Hii iko na kikohozi." Wa pili, "Hii inalia kama sufuria." Wa tatu ulikuwa mfupi mnene, nao ulimfanya acheke kabisa. "Hii ni mzee ameshiba, amelala. Nani atakuja kanisa?" Kila mara mkono wake ulirudi kwenye ule mweusi mrefu, akaugonga tena, na kila mara, Apajok alilazimika kukiri moyoni, ulikuwa mlio mzuri kuliko yote.

Alfayo akamgeukia Job. "Wewe amua bwana. Ni wa nani?"

"Mimi niamue?" Job akarudi hatua nyuma. "Kati ya kanisa na huyu dada? Mimi nina safari ya nyumbani, nataka nifike salama."

Apajok akaketi juu ya kreti. Nguo yake ilikuwa imekauka mwilini na magugu bado yamo nyweleni. Hakutaka kumlaghai mzee wa watu wala kumbembeleza kama mtoto. Akaamua amweleze tu. Akamwambia habari za mashua ya Biar; jinsi alivyojipenyeza chini ya ubavu wake akitanguliza mikono, jinsi mpira ulivyonasa na jinsi ile pumzi ya mwisho ilivyokuja nusu.

"Ukiwa na mtungi mmoja, baba, ukikatika umekatika. Ukiwa na miwili unafunga upande huu, unapumua upande ule, unatoka polepole unaimba. Lakini lazima iwe sawa. Urefu, unene, uzito, kila kitu. Ule wangu na huo wako walizaliwa pamoja. Tazama namba."

Katekista akatazama. Akapapasa zile namba kwa kidole kama mtu asomaye kwa kugusa.

"Wewe unaingia huko chini peke yako?"

"Kaka Alfayo anashika kamba."

"Na huko chini kuna nini ya kuona?"

"Hakuna. Giza tupu. Naona kwa mikono."

Fulgensio akashusha pumzi, akauweka mtungi mapajani mwa Apajok kwa mikono miwili. "Chukua. Mimi nagonga rimu tangu tulipokuwa kambi Uganda. Nitagonga tena. Pumzi ya mtu haingoji."

Apajok aliushika mkono wa mzee akautikisa, akautikisa tena, huku Alfayo akipiga makofi na Job akichekelea kwamba vita vimeisha. Sasa kilichobaki ni kuuangalia ndani tu. Akashika koki ili atoe hewa kwanza.

Koki ilikuwa wazi. Hewa haikutoka.

Mtungi ulioachwa wazi, katika ua usio na paa, mvua zote zile. Alfayo alimpa spana bila kuambiwa. Koki ikang'oka kwa kilio. Apajok akaupindua mtungi, akautikisa, na tope jembamba la rangi ya tofali likamdondokea kwenye vidole vya miguu. Akashusha taa ndogo ndani kwa waya, pamoja na kipande cha kioo.

Alitazama muda mrefu.

"Unaona nini?" katekista akauliza.

"Njoo uone, baba."

Mzee akainama, jicho moja amelifumba. Ukuta wa ndani, tangu chini hadi katikati, ulikuwa umechimbika vishimo, vingine vimeungana kuwa mfereji, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Huu ni ugonjwa?"

"Ni kutu. Vumbi la kutu tungeliosha likatoka. Hivi vishimo havitoki. Nikijaza hewa humu, siku moja utapasuka, na aliye karibu asahauliwe." Akaurudisha mtungi mikononi mwake. "Kwa hewa umekufa. Kwa kengele uko hai kabisa. Ni wako."

Fulgensio aliupokea kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa ng'ombe. "Kwes! Kwes sana! Mungu ameutoa na mkono huu ameurudisha na mkono huu!" Kisha akaona uso wa Apajok, akaacha kucheka. Akauweka mtungi chini. "Lakini wewe sasa umebaki na mmoja."

"Nimebaki na mmoja."

Alfayo tayari alikuwa amerudi kwenye safu, akiigeuza mitungi upya kana kwamba mmoja wao ungeona huruma na kurefuka. Mirefu yote ilikuwa imekwisha: mmoja nyuzi zake ni nyingine, mmoja umeoza makalio, mmoja umepitwa na muda miaka mingi.

"Nipe ule wako," katekista akasema ghafla.

"Wa nini?"

"Nipe nisikie."

Akauinua mtungi mzima wa Apajok, akaugonga. Mlio ulikuwa karibu uleule wa kengele yake, ila safi zaidi. Mzee akaushika kwa koo: "Mmmmm." Akarudia mpaka sauti yake na ya chuma zikawa kitu kimoja. "Mimi nafundisha kwaya," akamwambia Job, aliyekuwa ametoa macho. "Ndugu wanaimba sauti moja. Tutafute." Na akaanza kutembea uani akivuma vile vile, bolti mkononi, akigonga kila kilichokuwa cha chuma.

Kilikuwa kitu cha kuona. Mtu mkubwa wa shati jeupe, macho nusu yamefumba, anagonga nguzo ya hema, anatikisa kichwa. Anagonga tangi la maji, anatikisa kichwa. Anagonga bomba, anagonga hata jenereta mbovu, nayo ikajibu kwa mlio uliomfanya akunje uso. Apajok alimfuata nyuma bila kujua kama acheke au aombe. Alfayo akawafuata. Job akaacha geti akawafuata pia.

Nyuma ya kiofisi cha mbao palikuwa na turubai lililofunika magunia ya saruji, na pembe zake zimekandamizwa na vitu vizito: jiwe, rimu, nyundo kubwa isiyo na mpini. Pembe ya nne ilikandamizwa na kitu kirefu kilichopakwa rangi nyeupe ya nyumba, ile ya ukutani, kikaonekana kama gogo.

Katekista akapita akakigonga.

Akasimama. Akakigonga tena. Akafungua macho.

"Binti," akasema polepole, "hii na ile yako ni mtu na dada yake."

Apajok alianguka magotini kando yake. Kwa kisu cha Alfayo akaanza kukwangua rangi begani mwa lile gogo, vipande vyeupe vikiruka hadi nyweleni, na chini ya rangi maandishi yakaanza kujitokeza, herufi baada ya herufi. Jina la kiwanda lilikuwa lilelile, shinikizo lilelile, tarehe ileile ya kupimwa. Namba haikufuatana na ya kwake, lakini ilikuwa ya kundi lile. Alfayo tayari ameuleta ule wa kwanza, ameusimamisha ubavuni. Mabega yakalingana. Akauzungushia kamba kiunoni, akahamisha kamba kwa mwingine. Fundo lilifika palepale.

"Usifurahi bado," Apajok akajiambia kwa sauti. "Usifurahi bado."

Koki ilikuwa imefungwa. Alipoifungua, hewa ikatoka: mluzi mwembamba, mrefu, usio na harufu. Walisubiri mpaka ukaisha, wote wanne wamesimama kama watu wanaosikiliza redio. Spana ikapita kwa urahisi. Taa ikashuka. Ndani palikuwa na vumbi jepesi la rangi ya machungwa upande uliolalia, kama poda, na chini ya poda hiyo ukuta ulikuwa laini, mzima, unang'aa hadi chini kabisa.

Hapo ndipo Apajok alipopiga ule ukelele aliokuwa ameubana tangu asubuhi. Ulitoka wote. Mbwa wa jirani wakabweka, na katekista akajibu kwa vigelegele vya kiume, na Job akajikuta anapeana mikono na kila mtu kana kwamba ni yeye aliyeuzaa ule mtungi. Alipouliza ni nani aliyeupaka rangi, akakumbuka kwamba ni yeye mwenyewe, rangi ilibaki baada ya kupaka ofisi. Kwenye kreti moja wakapata pia bomba la kuunganisha, lenye koki yake katikati, na mikanda miwili ya chuma kisichoshika kutu.

"Bebeni," Job akasema, akihesabu pesa walizompa. "Bebeni kabla sijaambiwa ni mali ya mtu."

Kazi iliyofuata ilifanyika Munuki, katika ua alikopanga Alfayo. Kwanza walimkatia katekista kengele yake, na Apajok hakuruhusu msumeno kuugusa mtungi mpaka alipoona kwa macho yake kwamba koki imetoka na ndani hamna kitu. Fulgensio akaondoka na kengele begani, kwa miguu, maana alisema boda boda ingeitikisa. Kisha wakatia kokoto ndogo safi ndani ya ule mtungi mweupe, wakaulaza juu ya mabomba mawili, wakaanza kuuzungusha. Waliuzungusha asubuhi na jioni, kwa zamu, wakipiga hadithi, majirani wakija kuuliza ni siagi gani inayotengenezwa humo. Walipoumwaga, maji yalitoka mekundu. Wakarudia, yakatoka ya chai. Wakarudia, yakatoka maji. Apajok akaukausha kwa hewa ya kompresa mpaka taa ilipoonyesha chuma kitupu, akaweka mipira mipya ya kuziba shingoni, akafunga koki.

Mitungi miwili ilipokaa ndani ya mikanda yake, bega kwa bega, bomba likashuka juu bila kulazimishwa. Lilikaa. Alfayo akakaza nati ya mwisho, akajifuta jasho, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza kanisani, "Imelingana, dada. Hata nywele haipiti."

Siku ya kuzamia, Biar alikuja mtoni tangu mapema na winchi ya kuvutia injini, mtu mrefu mwenye wasiwasi, anatembea huku na huku ukingoni kama anayesubiri mke ajifungue. Mitungi ilikuwa imejazwa taratibu, ikapoa, ikajazwa tena kidogo. Apajok alikaa kwenye maji ya magotini, Alfayo akampandishia mzigo mgongoni, na kwa mara ya kwanza akauhisi: uzito uliogawanyika sawa kulia na kushoto, umeketi kwenye mgongo wake kama mtu anayejua kukaa. Akajaribu koki zote tatu kwa kunyoosha mkono nyuma ya kichwa. Funga, pumua. Fungua, pumua. Upande mwingine. Katikati.

"Nikivuta mara moja, niko salama," akamwambia Alfayo. "Nikivuta mara tatu, injini nimeshaifunga, ivuteni."

"Na ukivuta mara nyingi?"

"Sitavuta mara nyingi."

Akazama.

Mto ulimpokea kwa nguvu zake zilezile, lakini safari hii haukumpeperusha. Alishuka kama jiwe lenye akili, akagusa mchanga, akatembea kwa mikono kwenye kamba hadi alipoupata ubavu wa mashua. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, kisha ya kahawa, kisha hayakuwa na rangi. Alijiingiza chini. Aliisikia pumzi yake mwenyewe: ndefu, nzito, haina haraka. Mahali pale pale, chuma kilekile kikaukamata mpira wake. Alikaribia kucheka ndani ya maji. Akanyoosha mkono nyuma, akafunga koki ya katikati, akatoa kinywani mpira ulionaswa, akatia ule mwingine, akapumua upande wa pili, na kwa mikono yote miwili akaunasua mpira polepole, kama mtu anayetoa uzi kwenye mwiba. Kisha akafungua tena kila kitu akaendelea mbele.

Vidole vyake vikagusa panga la kwanza la propela. Kisha la pili. Akazipapasa bolti, akazifungua kwa spana moja baada ya nyingine, akapitisha mnyororo pale alipopapanga kwenye mawazo yake kwa miezi, akaukaza, akavuta kamba mara tatu.

Kule juu mambo yalichachamaa. Aliisikia winchi ikinguruma kupitia maji, akarudi nyuma akajibanza kando kwenye mchanga, na kitu kikubwa cheusi kikapita mbele yake kikiburuta tope, kikiinuka kuelekea mwanga.

Alipotoka, ukingo ulikuwa umejaa watu kutoka alikojua Mungu tu. Injini ilikuwa imelala kwenye nyasi ikitiririka, na Biar ameipigia magoti anaipangusa kwa shati lake mwenyewe. Kila mtu alikuwa akisema kwa wakati mmoja, kwa Kiarabu, kwa Kibari, kwa Kidinka, kwa Kiswahili. Alfayo alimshika mabega. "Uko sawa? Uko sawa, dada? Toka upumzike, nimekuletea chai."

Apajok alitoa mpira kinywani. Uso mzima ulikuwa unacheka.

"Geji ya hewa inasemaje?"

Alfayo akaitazama. Akaitazama tena. "Bado zaidi ya nusu."

"Basi chai ingoje. Kule ndani nimegusa gia boksi, na kuna sanduku la vipuri limefungwa bado." Akarudisha mpira mdomoni, akautoa tena. "Kaka, nipe mnyororo ule mfupi."

Alfayo akampa. Apajok akageuka, mitungi miwili ikameremeta juani mgongoni mwake mara moja, na maji yakafunga juu yake.